Tarehe Hii Inamaliza Nini? Kusoma Siku za Mwisho Kwenye Hati za Safari

Mama mmoja aliingia kwenye saiba yetu hapa Kondele asubuhi ya Jumatatu, simu mkononi, jasho usoni ingawa jua la Kisumu lilikuwa bado halijapanda. Alitaka nimtafutie tiketi ya ndege ya kumrudisha binti yake nyumbani kutoka Marekani, ya siku hiyohiyo ikipatikana. Binti anasoma huko, mwaka wa tatu sasa. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wamezungumza kwa video, binti akamwonyesha pasipoti, na mama akaona kwenye stika ya viza tarehe iliyokuwa imepita miezi minne.

“Watamkamata,” aliniambia. “Miezi minne mtoto wangu anaishi huko kama mwizi.”

Sikumtafutia tiketi. Nilimpa kiti, nikamwomba ampigie binti.

Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kuskani vyeti na kuchapisha barua za mialiko. Hati nyingi za safari zimepita juu ya meza hii, na kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote ni moja: mtu husoma tarehe kabla ya kuuliza tarehe hiyo inamaliza nini. Ipo tarehe inayofunga mlango wa kuingilia. Ipo inayomaliza siku za kukaa. Ipo inayomaliza uhai wa karatasi yenyewe, na ipo inayomaliza haki iliyo nyuma ya karatasi. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote nne kwa wakati mmoja, na kila moja ikawa na siku yake.

Viza ya Marekani ndiyo inayochanganya watu zaidi, basi nianze nayo. Kwetu mgeni hupiga hodi, akangoja kuambiwa karibu. Viza ile ni ruhusa ya kupiga hodi. Tarehe yake ya mwisho ni siku ya mwisho ya kufika mlangoni na kubisha. Anayesema karibu ni afisa wa mpakani pale uwanja wa ndege, na ndiye anayeamua mgeni akae hadi lini. Uamuzi wake hauandikwi kwenye stika ya viza. Unaingizwa kwenye rekodi inayoitwa I-94, ambayo abiria wa ndege siku hizi hapewi kwa karatasi. Huifungua mwenyewe kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani, kwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti.

Binti alipoifungua I-94 yake na kututumia picha, mahali pa tarehe palikuwa na herufi mbili tu: D/S. Maana yake ni kwamba anaruhusiwa kukaa muda wote atakaokuwa mwanafunzi halali: amesajiliwa, anasoma masomo ya kutosha, na fomu yake ya chuo, I-20, haijapitwa na wakati. Akimaliza masomo ana siku 60 za kujiandaa kuondoka au kubadilisha hali yake. Viza iliyoisha miezi minne nyuma haimgusi akiwa ndani. Itamgusa siku atakayotoka na kutaka kubisha tena.

Hapa niongeze tahadhari. Mnamo Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kuuondoa utaratibu huu wa D/S na kumwekea kila mwanafunzi tarehe kamili, isiyozidi miaka 4. Kwa hiyo mzazi asikariri herufi hizo kama aya. Mwambie mtoto afungue I-94 yake mwenyewe, kila anapoingia nchini, asome kilichoandikwa siku ile.

Lililomtia mama hofu lina pacha wake, na pacha huyo ndiye hatari. Nyanya anapata viza ya matembezi ya miaka kadhaa, anaenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Afisa uwanjani anampa miezi 6, kama ilivyo kawaida kwa wageni wa aina hiyo. Nyanya anatazama stika, anaona mwaka uko mbali, anatulia. Mtoto anakua, baridi inapita, na anasema ngoja kwanza huyu mjukuu aanze kutembea. Siku ya kwanza baada ya tarehe ya I-94 kupita, viza ile aliyodhani ina miaka imebatilika kwa sheria, hata kama stika bado inang'aa. Akikaa zaidi ya siku 180 bila kibali kisha akaondoka, anafungiwa mlango kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, ni miaka 10. Ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, I-539, lakini lazima iwafikie kabla ya tarehe ya I-94 kupita. Kwa mwanamke wa miaka 70, miaka 10 ni kunyimwa kuwaona wajukuu maisha yaliyobaki, na amenyimwa kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyemfungulia ukurasa mmoja wa intaneti. Jambo hili linaniuma sana.

Kisha ipo pasipoti yenyewe. Pasipoti ya kawaida ya mtu mzima wa Kenya ina miaka 10. Watu huisoma kama miaka 10 ya kusafiri, nami huwaambia waipunguze. Nchi nyingi, zikiwemo Falme za Kiarabu, zinataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 iliyobaki siku unapoingia. Nchi za Schengen kule Ulaya zina hesabu yao: pasipoti iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Shirika la ndege linazijua kanuni hizi, maana likimbeba abiria asiyefaa linatozwa faini na kulazimika kumrudisha. Ndiyo sababu safari nyingi hufia kwenye kaunta ya kukagua mizigo pale Nairobi. Mtu amesafiri na basi la usiku kutoka Kisumu, ameagwa na ukoo mzima, na pasipoti yake ni hai kabisa, ila imebakiza miezi 5.

Na kule Marekani pasipoti fupi hukata siku za kukaa. Afisa anaweza kukuandikia kwenye I-94 tarehe inayolingana na mwisho wa pasipoti badala ya miezi 6 uliyotarajia.

Pasipoti ikiisha na ndani yake mna viza ya Marekani ambayo bado ni hai, msiibandue ile stika wala msiikate. Beba pasipoti zote mbili, mpya na ya zamani. Viza inaendelea kufanya kazi ikiwa ndani ya kitabu chake cha zamani, mradi haijaharibiwa.

Wapo pia waliofikiri kwamba tarehe iliyochapishwa kwenye pasipoti ni ahadi isiyovunjika. Septemba 2017 Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, yenye kidude cha kuhifadhi alama za mwenyewe. Zile za zamani zikapewa muda wa kuondolewa, muda ukasogezwa mbele mara kadhaa, mwishowe ukakoma tarehe 30 Novemba 2022. Aliyekuwa na pasipoti ya zamani iliyoandikwa 2024 au 2025 alijikuta na kitabu kisichomvusha popote. Karatasi ilikuwa haijafika siku yake, lakini serikali iliyoitoa ilikuwa imeiondoa barabarani.

Uingereza walifanya jambo la kinyumenyume, nalo liliwatesa ndugu zetu wengi, hasa wauguzi na walezi wa wazee. Kadi zao za ukaazi zilikuwa zinachapishwa zikiwa na tarehe ya mwisho 31 Desemba 2024, hata kwa mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa hadi 2026 au aliyepewa ukaazi wa kudumu. Sababu ni kwamba serikali yao ilikuwa inahama kutoka kadi kwenda kwenye rekodi ya kielektroniki, ambayo mtu anaifungua kwa akaunti yake ya intaneti. Kadi ilikufa, ruhusa haikufa. Ruhusa yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye barua ya uamuzi, karatasi ile ambayo wengi huitupa kwenye droo wakishapata kadi. Vivyo hivyo, stika iliyobandikwa kwenye pasipoti za wanafunzi waliokuwa wakienda Uingereza ilikuwa ya siku 90 tu. Wazazi walikuja hapa wakilia kwamba mtoto amelipiwa karo ya mwaka mzima na amepewa miezi mitatu. Ilikuwa stika ya kuingilia. Miezi ya masomo ilikuwa imeandikwa kwingine.

Grini kadi ya Marekani, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, inataka uangalifu wa aina yake, maana mbili zinafanana sura. Ile ya kawaida ina miaka 10. Ikiisha, ukaazi wa mwenyewe hauishi; kilichoisha ni kitambulisho, naye anaomba kingine kwa fomu I-90. Nyingine ni ya miaka 2, hupewa kwa mfano mtu aliyeingia kwa ndoa ambayo ilikuwa haijafikisha miaka 2. Hii ina masharti, na tarehe yake inamaliza haki yenyewe. Mwenye kadi ya ndoa lazima awasilishe fomu I-751 ndani ya siku 90 za mwisho kabla ya tarehe ile, kwa kawaida pamoja na mwenzi wake. Kwa hiyo ukimsikia jirani akisema kadi yake iliisha na hakuna kilichotokea, muulize kwanza ilikuwa ya miaka mingapi.

Na hata mwenye kadi ya miaka 10 ana tarehe nyingine isiyoandikwa popote kwenye kadi. Akikaa nje ya Marekani mwaka mmoja au zaidi mfululizo, kadi peke yake haimrudishi. Nafikiria wale wanaorudi Siaya au Vihiga kumuuguza mzazi na kusimamia ujenzi wa nyumba. Miezi ya hospitali haina hesabu. Hati yao ni kibali cha kurejea, ambacho kwa kawaida huwa cha miaka 2. Hakiongezwi muda. Na kinaombwa mtu akiwa Marekani kwa miguu yake, kwa fomu I-131, kabla ya kuondoka. Ukishafika Kisumu ndipo ukasikia habari zake, umechelewa, na itakubidi uende ubalozini kuomba viza maalumu ya mkaazi anayerejea, ukieleza kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako.

Viza ya Schengen inaonyesha waziwazi kwamba tarehe na siku ni vitu viwili. Kwenye stika kuna tarehe ya kuanzia, tarehe ya mwisho, halafu idadi ya siku. Tuseme kwaya ya hapa Kisumu imealikwa Ujerumani, na stika zinasema kuanzia 1 Machi hadi 15 Aprili, siku 30. Dirisha lina siku 46, ruhusa ina 30. Wakiingia 10 Machi, siku hiyo ndiyo ya kwanza, na siku ya thelathini ni 8 Aprili. Lazima wawe wametoka kufikia hapo, ijapokuwa stika inasema 15. Wakichelewa wakaingia 1 Aprili, wanapata siku 15 peke yake, ijapokuwa stika inasema 30. Hesabu zote mbili zinakimbia pamoja, na inayofika kwanza ndiyo inayokutoa. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa, hata kama ulitua saa tano usiku. Mwenye viza ya kuingia mara nyingi naye ana kikomo cha siku 90 katika kila siku 180, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka leo. Zamani afisa alipekua mihuri kwa vidole. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kutumia mfumo unaosajili uso na alama za vidole mpakani, na kompyuta haikosei kuhesabu.

Walioko Saudia wana jambo la ziada ambalo mawakala hawalielezi vizuri. Kwa miaka mingi ikama, yaani kibali chao cha ukaazi, ilihesabiwa kwa kalenda ya Hijria, ile ya Kiislamu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Miaka miwili kwa hesabu hiyo ni pungufu ya miaka miwili ya Miladia, kalenda yetu ya kawaida, kwa siku kama 22, yaani wiki tatu kamili. Dada aliyehesabu kwa kalenda ya ukutani iliyotolewa na duka la mbegu alikuwa anapitwa na muda akidhani ana wiki tatu mkononi. Mwishoni mwa 2023 serikali ya Saudia iliamua kwamba muda katika shughuli za kiserikali uhesabiwe kwa Miladia, isipokuwa mambo yanayofungamana na sharia ya Kiislamu. Bado ukikuta kwenye karatasi mwaka kama 1446, usicheke wala usidhani ni kosa la chapa. Ni Hijria, na inafaa kugeuzwa kuwa Miladia kabla ya kupanga lolote. Kwa walioko Dubai na Abu Dhabi, kibali cha kuingilia kazini hukaa siku 60 tangu kitolewe, na ukaazi kwa kawaida hufutika mtu akikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo. Hiyo nayo haijaandikwa kwenye hati yao.

Busia ni karibu, na kwa kuwa ni karibu watu hawaangalii muhuri. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa hadi miezi 6 ya kukaa. Neno la kuangalia ni “hadi”. Afisa akikuandikia chache, zako ni hizo alizoandika, na anayeenda kwa biashara Jinja au Kampala azisome palepale kabla ya kupanda matatu. Angalia pia kitambulisho chenyewe. Kile cha zamani hakikuwa na tarehe ya mwisho. Kile kipya, Maisha Card, kina miaka 10, kisha kadi inabadilishwa, ilhali namba inabaki yako maisha yote.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo hati pekee ninayoijua ambayo tarehe yake imerefushwa bila mwenyewe kufanya lolote. Cheti hicho kilikuwa cha miaka 10. Tangu 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwamba kimekwisha. Lakini kwa aliyechanjwa mara ya kwanza kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Anayechanjwa Ijumaa asafiri Jumapili ana kadi isiyoanza.

Kabla ya yote haya, hakikisha unaisoma tarehe yenyewe sawasawa. Wamarekani huanza na mwezi. Kwenye kadi yao, 04/07/31 ni 7 Aprili 2031. Kwetu ingekuwa 4 Julai. Kukiwa na shaka, tazama ile mistari ya herufi na alama za mshale iliyoandikwa kwa ajili ya mashine, chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, chini ya viza, au nyuma ya grini kadi. Tafuta mstari wenye herufi M au F ya jinsia katikati ya tarakimu. Tarakimu sita zinazoifuata ndizo mwisho wa hati, na siku zote zinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukiona 310407, ni 2031, mwezi wa 4, siku ya 7, duniani kote.

Na saa. Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu, maana kwenye tiketi tarehe hubadilika saa sita ya usiku. Ndege ya dakika 50 baada ya saa sita usiku, tarehe 10, inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 10. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 9. Nimechapisha tiketi ya kijana aliyefika jioni ya tarehe 10 akiwa amevaa suti, na viza yake ya kuingilia ilikuwa inaisha siku ileile.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Wateja wawili walikuwa wanangoja nyuma yake na hawakulalamika. Mmoja alikuwa ametoa pasipoti yake na anaitazama. Kisha mama akauliza swali ambalo ndilo lililobaki.

“Kwa hiyo aje Krismasi au asije?”

Nilimwambia anaweza kuja. Ila akija, mlango wa kurudi umefungwa mpaka apate viza mpya, na hiyo ni kulipa ada tena, kungoja siku ya mahojiano ubalozini kule Gigiri, na kupata jibu kabla muhula haujafunguliwa Januari. Akikosa nafasi ya mapema, atakuwa hapa Kondele wenzake wakiwa darasani. Akiahirisha hadi likizo ndefu ya katikati ya mwaka, ana miezi mitatu ya kulishughulikia hilo bila presha.

Mama alimpigia binti palepale, kwa sauti ya kawaida sasa. Akamwambia akae, asome, kuku wa Krismasi atangoja Juni.

Halafu akatoa pasipoti yake mwenyewe kwenye mkoba, akaniuliza niisome.